Sura ya Saba: Mateka wa Siku ya Kura

Konstebo Mkuu Tarpey alikuwa amepiga magoti mbele ya majivu, na mvua ilikuwa ikimwingia shingoni kupitia tundu la paa.

"Mkuu," alisema Konstebo Rudkin kutoka mlangoni, "kama ni kusali, kanisa liko mjini, na paa lake ni zima."

"Njoo uone."

"Nilishaona. Jumamosi niliona, na leo naona. Majivu."

Kibanda chenyewe kilikuwa katikati ya kinamasi cha Derrymoyle. Wakataji wa madonge ya udongo wa kinamasi, unaochomwa kama kuni, hulala humo kiangazi, na miezi mingine hukaa panya. Humo ndimo Tarpey na Rudkin walimomkuta Mathias Guinan Jumamosi jioni, saa chache baada ya kura za Kaunti ya Mfalme kufungwa. Alikuwa amekaa sakafuni, mikono imefungwa kwa kamba, akitetemeka. Alieleza kwamba watu watatu waliojipaka masizi usoni walimtoa kitandani usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kura, wakamtupa humo na kumwacha peke yake. Mtu mmoja alikuwa tayari mahabusu kwa kosa hilo. Ni Lar Kinnarney, kaka wa mke wa Mathias, na kesi yake ilikuwa kesho yake, saa nne.

Kuteka wapiga kura halikuwa jambo geni. Enzi hizo kura ilitajwa kwa sauti mbele ya watu wote. Kaunti hii ya Ayalandi ilikuwa na viti viwili katika bunge la London, na kwa ajili ya viti hivyo viwili watu wazima wenye akili zao walikuwa tayari kufungiana kwenye mabanda ya ng'ombe, kuleweshana wiki nzima na kuvunjiana madirisha. Tarpey, mzaliwa wa Mayo, alikuwa amesimamia chaguzi tano katika kaunti tatu na alikwisha kuona yote hayo. Hakuwa amewahi kuona mateka aliyefukiwa moto.

"Tazama," alisema. "Majivu yamesawazishwa kwa mkono. Yamechorwa duara, duara limegawanywa sehemu tatu, na kila sehemu ina donge lake. Huu ni moto uliofukiwa vizuri, makaa yakeshe salama, asubuhi yafukuliwe. Kwenu hamfanyi?"

"Mke wangu hufanya. Na sala juu yake."

"Kila nyumba na mtindo wake. Mama yangu alichora msalaba. Sasa niambie, Rudkin. Mtekaji anayeondoka zake usiku, asirudi tena, anamfukia moto nani?"

"Mateka wake. Asife na baridi."

"Ambaye kafungwa mikono. Nani ataufukua asubuhi?"

Rudkin alijikuna kidevu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, na Kwaresima ilikuwa imemwonea kuliko Wakatoliki wote wa kituoni. Alitazama makombo ya mkate na miiba ya samaki mkavu kwenye kona.

"Hata siagi hawakumpa," alisema kwa huzuni. "Watekaji wanashika mfungo kuliko mimi."

"Wanashika mfungo, wanafukia moto na kusali. Hilo ndilo kundi la majambazi lililotikisa kaunti." Tarpey alitoa mfukoni kamba aliyoikata Jumamosi mikononi mwa Mathias. Ilikuwa ya mabua ya shayiri, mpya, imesokotwa vizuri. Ncha moja ilikuwa imetafunwa. "Na fundo hili lilikazwa kwa meno. Watu watatu wana mikono sita. Meno ya nini?"

Rudkin aliishika ncha ile, akaigeuzageuza, na safari hii hakutania.

*

Lar Kinnarney aliwapokea mahabusu kana kwamba ni wageni wake. Alikuwa kijana mpana wa mabega, nywele kama kiota, na alikalia benchi moja lililokuwamo.

"Karibu, afande. Uji wa humu una mawe, lakini wapishi wana roho nzuri."

"Wenzako wawili ni nani, Lar?"

"Shetani na mjomba wake."

"Kwa nini ulimteka shemeji yako?"

"Asimpigie kura Kapteni Thorold. Mimi mzalendo."

"Wewe huna kura. Huna ardhi. Una punda na bustani ya viazi."

"Punda naye mzalendo sana. Muulize."

Rudkin alicheka, akajifanya anakohoa. Tarpey aliweka mikono nyuma, akatembea hadi kwenye kijidirisha na kurudi.

"Mlimfunga kwa kamba gani?"

Kwa mara ya kwanza Lar alichelewa kujibu. Alitazama mikono ya Tarpey, na mikono haikuonekana.

"Ya katani," alisema. "Ile ninayomfungia punda."

"Una hakika?"

"Kamba yangu nisiijue? Katani, nene hivi."

Tarpey alivuta pumzi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa akijitia kitanzi kwa uongo wake mwenyewe, jambo ambalo Tarpey hakuwa amelizoea. Waongo wote aliowajua walidanganya ili watoke.

"Lar, nisikilize. Hakimu atakupeleka mahakama kuu ya Tullamore, na huko utapewa kifungo cha kazi ngumu. Miaka miwili, pengine mitatu. Mama yako nani atamchimbia viazi?"

Utani ulimtoka Lar usoni wote kwa pamoja.

"Mama mwache."

"Nauliza tu."

"Unauliza nini tena, afande? Jina langu ulilitoa wewe mwenyewe. Mathias hakulitaja. Nimeambiwa na Rudkin hapa. Wewe ulimwambia 'ni Kinnarney, siyo?' naye akatikisa kichwa. Umepata ulichotaka. Andika uende zako."

Tarpey alimtazama Rudkin. Rudkin alitazama viatu vyake.

Ilikuwa kweli. Jumamosi ile Mathias alitetemeka akakataa kutaja mtu. Mama mmoja alikuwa amesema aliuona mkokoteni wa Lar kwenye njia ya kinamasini usiku ule, na Tarpey, aliyekuwa amelowa na ana njaa na anataka kwenda kulala, akalitaja jina. Jambo la kwanza analofundishwa polisi ni kutomtia shahidi jina mdomoni. Yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wenzake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitoka nje akaufunga mlango taratibu kuliko kawaida.

"Hata kamba haijui," alisema walipofika uani. "Hakumfunga yeye."

"Lakini mkokoteni ni wake." Rudkin alikuwa akijitahidi kurekebisha mambo. "Na kumbuka, mkuu, Honor Guinan ni Kinnarney wa kuzaliwa. Labda hilo duara la kwenye majivu ni la akina Kinnarney. Hapo utakuwa umezidi kumkaanga Lar."

Halikuwa wazo baya. Tarpey aliligeuza kichwani njia nzima ya kurudi ofisini.

"Kesho alfajiri, kabla wanawake hawajafukua moto," alisema, "wewe nenda kwa mama yake Lar. Mimi nitakwenda kwa Guinan."

*

Nyumba ya Guinan ilikuwa mwisho wa njia ya miti, nyeupe, paa la mabua limetengenezwa vizuri, lundo la samadi mbele likiwa nadhifu kuliko vitanda vya watu wengine. Rudkin alimkuta Tarpey getini.

"Msalaba," alisema. "Mama Kinnarney anachora msalaba. Na akanipa kiazi, nikala. Mungu anisamehe."

"Kiazi hakivunji mfungo."

"Alikipaka maziwa."

Honor Guinan alifungua sehemu ya juu ya mlango, shali begani. Alikuwa na mabega ya kaka yake na uso uliokosa usingizi.

"Afande, hata kuku hawajashuka."

"Samahani, mama. Sitakaa."

Aliingia. Mekoni moto ulikuwa bado umelala. Majivu yalikuwa yamesawazishwa kwa mkono, duara, sehemu tatu, madonge matatu. Tarpey aliyatazama, na Honor akamwona anavyoyatazama.

"Huo ndio mtindo wenu?"

"Wa mama mkwe. Unaolewa, unaacha wa kwenu, unashika wa unakokwenda." Alisema polepole. "Kwa nini?"

Tarpey aliinama. Chini ya benchi, mahali ambapo fagio hufika kwa shida, kulikuwa na vipande vya mabua ya shayiri. Na ukutani, kwenye msumari, ilining'inia fimbo iliyopinda ya kusokotea kamba. Kila nyumba huwa nayo, na yeyote anaweza kuwa nayo ukutani mwaka mzima bila kosa. Tarpey alitoa kamba mfukoni akaiweka mezani.

"Kamba ya mabua haisokotwi na mtu mmoja, mama. Mmoja hukaa kitako analisha mabua, mwingine anashika fimbo, anazungusha huku anarudi nyuma. Lar hana shayiri, ana viazi tu. Nani alizungusha?"

Honor aliiangalia kamba ile muda mrefu. Kisha aliketi, akaifunika kwa kiganja.

"Mimi," alisema. "Nilirudi nyuma mpaka pale mlangoni. Nikamwambia Mathias inatosha, kwani unafunga meli? Tulicheka, afande. Unaweza kuamini? Tulicheka."

"Na Lar?"

"Alimbeba tu. Chini ya magunia, mpaka kibandani. Hakuuliza mengi. Alisema shemeji ni mzigo, lakini ni mzigo wa nyumbani." Machozi yalimjia, akayafuta kwa hasira. "Tulidhani mtamkuta, mtasema watu wasiojulikana, basi. Kila uchaguzi kuna watu wasiojulikana. Kwa nini safari hii mlitaka wajulikane?"

Mlango wa nyuma ulifunguka. Mathias Guinan aliingia na ndoo ya maziwa. Alikuwa mwanamume mdogo, safi, wa miaka arobaini, aliyezoea kuweka kila kitu mahali pake. Aliona kofia ya polisi, akaona kamba, akaweka ndoo chini bila kumwaga hata tone.

"Amejua," alisema Honor.

"Naona."

Hakukana. Alivuta kigoda akaketi mbali na meza, kama mgeni nyumbani kwake.

"Bwana Stackpole alikuja hapa," alianza. Stackpole alikuwa wakala wa mwenye ardhi, na kila mtu wa upande huu wa kaunti alimlipa yeye kodi. "Alikaa hapo ulipo. Alimsifu ndama. Hakutisha, hapana. Aliuliza tu kama mkataba wangu wa shamba unaisha Novemba. Akasema Kapteni Thorold atafurahi kunisikia nikilitaja jina lake. Kunisikia, afande. Jumapili yake, Padri Spollen akahubiri juu ya mwenye kuuza nchi yake kwa kipande cha shamba. Watu mia tatu kanisani, akanitazama mimi."

"Kila mpiga kura hutaja majina mawili. Ungempa Thorold moja na Delahunt wa Padri moja."

"Nilifikiria hivyo. Nikamwuliza Padri, akasema nusu ya usaliti ni usaliti. Nikamwuliza Bwana Stackpole, akasema hivyohivyo, karibu kwa maneno yaleyale. Ndiyo mara ya kwanza nawaona wamekubaliana."

Rudkin alicheka puani, akanyamaza alipoona hakuna mwingine anayecheka.

"Baba yangu alikuwa na kura enzi zile za zamani, kabla hawajawanyang'anya kura wenye mashamba madogo," Mathias aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, na alikuwa akiongea na ndoo. "Wakala wa wakati ule aliwaswaga mjini kama ng'ombe wa mnada, yeye mbele juu ya farasi. Baba alifika mezani, karani akamwuliza, naye akamtaja mtu wa padri. Kwa sauti, mpaka barabarani wakasikia. Watu walimbeba mabegani kutoka mjini mpaka hapa mlangoni, wanaimba. Novemba tulitolewa nje. Waliombeba mabegani hawakutubebea hata chungu. Dada yangu mdogo alifia kwenye mtaro wa barabara, afande, chini ya mlango wetu wenyewe uliong'olewa. Nilikuwa nimemshika mimi."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Honor aliinama, akachukua koleo, lakini hakuugusa moto.

"Kura hii mimi sikuiomba," Mathias alisema. "Shamba lilipokadiriwa thamani, nikaambiwa haya, umekuwa mpiga kura. Sikutaka kumpa Thorold wala Delahunt. Nilitaka nisisikike. Wewe, afande, ulimtaja nani?"

"Sheria haituruhusu. Polisi hatupigi kura."

"Hujawahi kuulizwa mbele ya watu?"

"Hapana."

"Basi usimtazame hivyo," alisema Honor.

Tarpey hakujua alikuwa akimtazamaje. Alijua tu kwamba katika chaguzi tano alikuwa amesimama kando ya meza na bunduki, akawaona wanaume wakivuja jasho mbele ya karani, na jioni kituoni walikuwa wakiwaigiza na kuwacheka. Alizivua glavu zake, kisha akazivaa tena.

"Na Lar?" aliuliza.

Mathias alifunika uso. Ilipotoka sauti, ilitoka kati ya vidole.

"Ulilitaja wewe. Nikasubiri mdomo wangu ukatae. Kichwa ndicho kilichojibu. Nilijiambia, kesho nitasema. Kesho yake nikajiambia kesho. Ana miaka ishirini na saba, hajawahi kuninyima kitu. Yeye yuko mahabusu, mimi nakula humu ndani na dada yake ananitazama nikitafuna."

"Nililitaja mimi," alisema Tarpey. "Ni kosa langu, na nitalisema mbele ya hakimu. Lakini halitamtoa. Lar amekiri. Hakimu ni Meja Haldane, naye hatamwachia mtu kwa ajili ya majivu na mabua, na kwa sheria mke hawezi kusimama kumpinga mumewe. Umebaki wewe."

"Stackpole hukaa kando ya Meja."

"Ndiyo."

"Nikisema nilijificha, atajua nilimkimbia yeye."

"Ndiyo."

"Na wa upande wa Padri watajua niliwakimbia wao. Watanicheka mpaka kaburini."

Alimwinulia Tarpey macho. Alitaka aambiwe vinginevyo, na Tarpey alitamani kumwambia vinginevyo. Angeweza kumdanganya, kwamba watu husahau, kwamba Stackpole ni binadamu.

"Ndiyo," alisema.

Honor alisimama, akavuta shali kichwani.

"Kesi ni saa nne," alimwambia mumewe. "Mimi nitakuwa kule kwa kaka yangu. Ukija, umekuja."

*

Mahakama ya Kilcorran ilikuwa chumba kilekile kilichopigiwa kura. Meza ilikuwa ileile, karani yuleyule mwenye mafua, na ukutani mtu alikuwa amesahau kufuta THOROLD iliyoandikwa kwa chaki. Watu wa Thorold walikaa kushoto na wa Delahunt kulia, kwa mazoea, ingawa uchaguzi ulikuwa umekwisha na kila upande ulikuwa umepata kiti kimoja. Wale walioshindwa kuingia walijazana nje madirishani. Stackpole alikaa kando ya Meja Haldane, kofia magotini. Padri Spollen alikuwa benchi la tatu.

Lar alisimama kizimbani akimtafuta mama yake kwa macho. Tarpey alitoa maelezo yake. Alisema kwamba jina la Kinnarney alilitoa yeye, si shahidi, na kwamba kufanya hivyo lilikuwa kosa. Meja alimtazama juu ya miwani.

"Lakini mshtakiwa amekiri?"

"Amekiri, bwana."

"Basi kosa lako halina madhara, Tarpey. Kaa chini."

Tarpey aliketi na madhara yake. Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa nne. Karani aliita jina la shahidi mara moja, akapenga kamasi, akaita tena. Honor, nyuma kabisa, hakugeuka kutazama mlango.

Kisha watu wa mlangoni wakasogea. Mathias Guinan aliingia amevaa koti lake la Jumapili, kola imepigwa pasi, nywele zimelowa maji na kuchanwa. Ndivyo wanaume wa kaunti ile walivyovaa kwenda kupiga kura. Alitembea kati ya kushoto na kulia mpaka mezani, akala kiapo.

"Mathias Guinan," alisema Meja, "nani alikutoa nyumbani kwako?"

Mathias alifungua mdomo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na Tarpey aliliona, akainamisha macho.

"Sema ni mimi, shemeji, tukapumzike!" alipiga kelele Lar. Watu wakacheka.

"Kimya kizimbani. Jina, Guinan."

Mathias alisema kitu.

"Sauti," alisema karani bila kuinua kichwa, kama alivyokuwa amesema siku zile mbili za kura kwa kila aliyesimama pale. "Wa nje hawasikii."

"Mathias Guinan," alisema Mathias.

"Jina lako tunalo. Anataka la aliyekuteka."

"Ndilo hilo." Aliishika meza kwa mikono miwili. "Ni mimi. Nilijificha mwenyewe ili nisipige kura. Niliogopa kumtaja huyu na nikaogopa kumtaja yule. Hakuna mtu aliyenifunga. Kamba niliisokota mwenyewe..."

"Na mimi!" alisema Honor kutoka nyuma.

"...na nikajifunga kwa meno. Lar Kinnarney hakunigusa. Nilimwacha akae ndani siku tano kwa sababu ya aibu."

Mafua ya karani yalisikika. Halafu mtu wa kushoto akacheka. Akafuata mtu wa kulia. Kikapanda kicheko kimoja kikubwa, kikatoka madirishani kuwapasha habari waliokuwa nje, na wao wakakipokea. Watu waliokuwa wamevunjiana vichwa wiki iliyopita walishikana mabega wakicheka. "Kajifunga kwa meno!" mtu alipiga kelele barabarani, na mwingine akaanza kulia kama kondoo. Padri Spollen hakucheka. Aliitazama rozari yake kama anayetafuta punje iliyopotea.

Stackpole alingoja kelele zipungue. Aliinuka, akavaa kofia.

"Kumbe sauti unayo, Guinan," alisema kwa upole, akaondoka kupitia mlango wa mahakimu.

Lar alifunguliwa kabla ya saa tano. Hakumshukuru mtu. Alimfuata Mathias mpaka ukumbini akamshika koti lile zuri kifuani, na Tarpey akasogea karibu akidhani atampiga.

"Ningekaa," alisema Lar. Alikuwa analia waziwazi. "Miaka miwili, mitatu, ningekaa. Mimi sina cha kunyang'anywa. Sasa mtaishi wapi, mjinga wewe?"

"Najua ungekaa," alisema Mathias.

Lar alimwachia koti, akainyoosha kola kwa vidole vyake vichafu, akaenda kumshika mama yake mkono.

Nje walikuwa wakingoja. Mathias alimpa Honor mkono washuke ngazi, kisha akasita. Alimgeukia Tarpey, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ile kamba mkononi, asijue pa kuiweka.

"Afande, wanapotoa watu nyumbani, polisi huwa mnakwenda?"

"Tukitumwa."

"Huku kwetu utatumwa wewe?"

"Mimi ndiye mkuu wa kituo."

Mathias alitikisa kichwa taratibu. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko chuki.

"Kazi yao ya kwanza ni kumwaga maji mekoni," alisema. "Mama yangu alisimama akautazama moto wake unavyozimwa. Basi Novemba ukija, njoo mapema kama leo. Njoo kabla Honor hajaufukua, asiuone ukizimwa ukiwa unawaka."

Tarpey alitaka kusema kwamba Novemba ni mbali, kwamba pengine haitafika huko. Kondoo wa barabarani walikuwa wakilia kwa nguvu zaidi.

"Nitakuja mapema," alisema, akaitazama kamba.